Ratiba ya Tano

Ratiba ya kwanza niliichora kwa kalamu tatu:
nyekundu kwa hisabati, kijani kwa biolojia,
buluu kwa lugha na usingizi.
Niliibandika ukutani kwa ugali wa jana,
na panya wa Huruma, ambao hawana ratiba,
wakaila pembe yote ya Jumatano.

Ya pili ilianza saa tisa usiku.
Nilidumu siku mbili. Siku ya tatu
nililala juu ya jedwali la elementi,
nikaamka sodiamu imechapika shavuni,
na dada yangu Nduku akanisoma kwa sauti
kabla ya kuniambia nikanawe.

Ya tatu sitaki kuizungumzia.

Ya nne niliapa. Nikaandika juu yake
NITAKUWA DAKTARI, alama za mshangao nne,
na muda nilioutumia kuzipamba herufi zile
ungenitosha sura nzima ya moyo na mishipa yake.
Mama alikuwa ametoka Gikomba,
miguu yote miwili ndani ya beseni la maji ya chumvi.
Akautazama ukuta, akautazama tena.
"Ukuta huu umesoma sana," akasema.
"Sasa umebaki wewe."

Nikazing'oa zote. Nikalala.
Na kwa kuwa sikuwa na cha kujiahidi,
nikasikia kwa mara ya kwanza
kitu kilichokuwapo miaka yote:
upande wa pili wa mbao, Kwamboka
akikanda unga wa mandazi.
Pu.
Kisha kimya. Kisha pu.
Saa kumi na nusu, stima ikiwepo, isipokuwepo,
mvua ikiteremka ngazi za ghorofa ya nne kama mpangaji,
siku ya mauzo na siku ya msiba.
Yeye haapi. Sijawahi kumsikia akiapa
ila siku ile mafuta yalipomrukia.

Kesho yake, kwa pu ya kwanza, niliketi.
Hilo tu. Niliketi, nikafungua kitabu,
nikajaribu hesabu moja ya logi.
Ikakataa. Nikaiacha imekataa, nikaenda shule.
Keshokutwa nikaikuta palepale
kama mbuzi wa kamba fupi,
ikakubali.

Msiniulize kuhusu hamu.
Hamu yangu ilikuwa maji ya bomba letu:
Jumanne labda, Alhamisi hewa tu inayokoroma.
Lakini Mama hutega mtungi hata bomba likikoroma,
maana maji hayapigi hodi,
na asiyetega huyasikia yakijaa kwa jirani.

Moja ikawa mbili. Kuna wiki ikawa sufuri,
nikarudi kwenye moja bila kujitukana.
Kufika Julai nilikuwa nazijua moli
kama ninavyojua madeni ya dukani.

Kisha alfajiri moja ya Agosti
hakukuwa na pu.
Na mimi nilikuwa nimeshaketi.
Kitabu wazi, koti la Nduku mabegani,
jibu la kwanza limeshakauka wino,
ndipo nikatambua kwamba mbao zimenyamaza.

Nikaenda kumgongea. Alifungua
leso imemzunguka mara mbili,
malaria imemkausha midomo.
"Leo nani amekuamsha?" akaniuliza,
na kabla sijapata jibu akacheka kidogo, akakohoa:
"Mimi huamshwa na kiti chako.
Kikikwaruza najua kuna mwingine macho,
basi nakanda."

Nikamchemshia maji. Nikamtafutia dawa kwa Mama.
Nikarudi mezani, hesabu ya pili ikinisubiri
kwa kiburi chake chote.

Ratiba ya tano sijaichora.
Ukiitaka, inama chini ya meza yetu:
iko sakafuni, kwenye saruji,
mikwaruzo minne,
panya hawajaiweza.